Siku Tano za Kwanza Katika Magofu ya Ugiriki ya Kale: Mwongozo Kamili kwa Mwanafunzi

Mwanafunzi anayefika Athens kwa mara ya kwanza huiona Acropolis kabla hajaitafuta. Akitoka katika kituo cha treni cha Monastiraki na kuinua macho, kilima kile kiko juu ya mapaa ya nyumba, na nguzo za mahekalu zimesimama kileleni kama zilivyo katika vitabu vya historia. Hamu ya kupanda siku hiyo hiyo huwa kubwa, nami niliifuata: nilipanda saa saba mchana nikiwa na uchovu wa safari, nikapiga picha zaidi ya mia moja, kisha nikashuka bila kuweza kueleza hata jambo moja kuhusu nilichokiona. Mwongozo huu umetokana na kosa hilo. Ninapendekeza mpangilio ulio kinyume na ule wa watalii wengi, yaani kuanza chini, mahali ambapo watu wa mji ule walibishana, walifanya biashara, walihukumiana na kuzika wafu wao, na kupanda kwa miungu siku ya tatu. Mahekalu ya juu yaliamuliwa kwa kura za watu wa chini, na asiyewajua watu hao ataona mawe mazuri tu.

Maandalizi kabla ya kuondoka nyumbani

Ugiriki imo katika eneo la Schengen, kwa hiyo Mtanzania, Mkenya au Mganda anayekwenda kwa muda mfupi anahitaji viza ya eneo hilo. Ombi linaweza kuwasilishwa kuanzia miezi 6 kabla ya safari, na lisichelewe kupita siku 15 kabla ya kuondoka; kwa uzoefu wangu, anayetaka kulala usingizi aanze mapema sana kuliko hapo. Utatakiwa kuwa na bima ya safari yenye kinga isiyopungua euro 30,000. Ubalozi wa Ugiriki uko Nairobi, na aliye mbali na jiji hilo apange bajeti ya nauli ya kufika huko au aulize mapema utaratibu unaohusu nchi yake. Kama wewe ni mwanafunzi wa chuo, beba kitambulisho cha chuo chenye tarehe inayosomeka na barua fupi ya idara yako, kwa sababu punguzo la kiingilio hutolewa kwa mwenye ushahidi, na walinzi wa malango hawana mamlaka ya kukuamini kwa maneno matupu.

Tiketi za maeneo makuu ya kale hununuliwa katika tovuti rasmi ya serikali ya Ugiriki. Tangu Septemba 2023 Acropolis inaingiwa kwa saa maalumu unayoichagua wakati wa kununua, na idadi ya wageni imewekewa kikomo cha watu 20,000 kwa siku. Tangu Aprili 2025 bei kamili ya kupanda Acropolis ni euro 30, na ile tiketi ya pamoja iliyokuwa ikifungua maeneo kadhaa, ambayo bado inasifiwa katika vitabu vya zamani vya wasafiri, imeondolewa. Soma masharti ya punguzo kabla ya kulipa. Yapo pia maeneo ya bure, na baadhi yake, kama utakavyoona, yana mafunzo mengi kuliko yale ya kulipia.

Kuhusu saa, chukua tahadhari moja ambayo ni yetu sisi tunaohesabu saa kuanzia macheo. Tiketi iliyoandikwa 08:00 ni ya saa mbili asubuhi kwa hesabu yetu, na iliyoandikwa 14:00 ni ya saa nane mchana. Majira ya joto saa ya Athens inalingana kabisa na ya Dar es Salaam na Nairobi. Majira ya baridi wao wako nyuma yetu kwa saa moja.

Sasa jambo la muhimu zaidi katika maandalizi yote, nalo halina gharama: jifunze alfabeti ya Kigiriki. Herufi ni 24 tu, na wiki moja ya nusu saa kila jioni inatosha. Angalia hasa zile zinazodanganya macho, kwa mfano Ρ, ambayo ni R, na Η, ambayo leo husomwa I. Msemaji wa Kiswahili ana bahati ambayo wanafunzi wengi wa Ulaya hawana. Irabu zetu tano zinalingana na za Kigiriki cha leo, na sauti ambazo wengine huhangaika nazo tayari tunazo mdomoni: Δ hutamkwa kama *dh* ya dhahabu, Θ kama *th* ya thelathini, na Γ, inapotangulia a, o au u, kama *gh* ya ghali. Ukisoma kibao barabarani kilichoandikwa ΕΞΟΔΟΣ, utatamka *eksodhos* vizuri kabisa, na utajua kwamba hapo ni mahali pa kutokea.

Utagundua pia kwamba lugha hii si ngeni kwetu kama inavyodhaniwa. Neno *kalamu* lilitufikia kutoka Kiarabu, nacho Kiarabu kililipata kwa Wagiriki walioita mwanzi wa kuandikia *kalamos*. *Karatasi* inatoka katika *khartes*, *daftari* katika *diphthera*, yaani ngozi iliyotayarishwa, na *falsafa* katika *philosophia*. Vilevile Wagiriki walituandika sisi kabla hatujawaandika wao. Katika karne ya kwanza BK mfanyabiashara ambaye jina lake halikuhifadhiwa aliandika kwa Kigiriki mwongozo wa safari za bahari, na humo akaeleza pwani yetu, aliyoiita Azania, pamoja na soko lake la mwisho, Rhapta, ambalo anasema liliitwa hivyo kutokana na vyombo vilivyoshonwa. Kitenzi cha Kigiriki *rhapto* maana yake ni kushona, na aliyewahi kusikia habari za mtepe ataelewa mara moja ni vyombo vya namna gani.

Vya kubeba, na adabu ya mahali

Viatu kwanza. Marumaru iliyokanyagwa kwa karne nyingi imekuwa laini kama sabuni, na mvua kidogo huifanya iwe hatari. Vaa viatu vya soli ya mpira yenye meno. Visigino virefu vimepigwa marufuku katika maeneo ya kale tangu 2009 kwa sababu vinachimba mawe. Beba kofia, chupa ya maji unayoweza kujaza tena, mkoba mdogo, kwa kuwa mikubwa hairuhusiwi kuingia, daftari lisilo na mistari, penseli mbili na, kama unaweza kuazima, darubini ndogo ya mkononi, kwani michongo mingi iko juu sana. Katika miezi ya Julai na Agosti joto huweza kupita nyuzi 40, na katika miaka ya karibuni Acropolis imefungwa saa za mchana wakati wa wimbi la joto. Anayeweza kuchagua aende Aprili, Mei au Oktoba.

Usiokote chochote. Kigae kidogo cha mtungi uliovunjika, ambacho kwako ni kumbukumbu, kwa sheria ya Ugiriki ni mali ya taifa, na kukiondoa ni kosa la jinai. Usikalie jiwe lililochongwa wala usiguse nguzo. Mlinzi atapuliza filimbi, na ana haki. Ukiingia kanisani, funika mabega na magoti. Na kumbuka kwamba kwa Wagiriki *ne* ni ndiyo na *ohi* ni hapana, na kwamba mtu anayeinua kidevu juu kidogo bila kusema neno anakataa.

Siku ya kwanza: Pnyx, jioni

Siku ya kufika usifanye jambo kubwa. Pumzika, kula, kisha jua linapopungua makali ufuate barabara ya waenda kwa miguu iitwayo Dionysiou Areopagitou, inayopita chini ya Acropolis upande wa kusini, hadi kwenye vilima vya magharibi. Huko kuna Pnyx, uwanja wa mteremko wenye jukwaa lililochongwa katika mwamba wenyewe. Hapo ndipo baraza la raia wa Athens lilipokutana kuanzia karne ya 5 KK, na kwa baadhi ya maamuzi ilihitajika idadi ya watu 6,000. Mpiga mbiu aliuliza ni nani anataka kusema, na raia yeyote aliweza kusimama.

Wageni wengi hupita hapa bila kusimama, kwa sababu hapana nguzo wala sanamu. Wewe kaa. Fanya zoezi la kwanza la daftari: chora jukwaa, halafu chora unachokiona ukitazama mashariki, yaani Acropolis nzima ikiwa mbele yako. Waliosikiliza hotuba hapa waliyaona majengo yale waliyoyapigia kura yakipanda mwaka hadi mwaka. Kisha andika orodha ya pili, ya watu ambao hawakuruhusiwa kukaa hapa: wanawake wote, watumwa wote, na wageni waliohamia mjini, pamoja na watoto wao waliozaliwa humo. Orodha hiyo ya pili utaihitaji siku zote zinazofuata.

Siku ya pili: Agora

Ipe Agora, uwanja wa soko na mikutano wa mji wa kale, siku nzima. Ingia kwa lango la barabara ya Adrianou, karibu na Monastiraki, asubuhi mlango unapofunguliwa, na usianze kwa kuzungukazunguka juani. Nenda moja kwa moja kwenye jengo refu lenye safu mbili za nguzo upande wa mashariki. Hilo ni ukumbi wa Attalos, mfalme wa Pergamon wa karne ya 2 KK aliyewahi kusoma Athens na akaupa mji huo jengo la maduka. Unaloliona lilijengwa upya kati ya 1953 na 1956 na wanaakiolojia wa Kimarekani ambao wamekuwa wakichimba Agora tangu 1931, na kuna wanaolidharau kwa sababu si la kale. Mimi naliona kuwa mwalimu bora kuliko yote. Ndani yake, saa sita mchana, utahisi kwa ngozi yako kwa nini Wagiriki walijenga kumbi zilizo wazi upande mmoja: nje joto linaunguza, ndani kuna kivuli na upepo, na mtu anaweza kusimama akabishana na mwenzake hadi jioni.

Makumbusho yamo humo humo, na ni madogo, jambo ambalo ni neema. Tafuta vitu vitatu. Cha kwanza ni saa ya maji, mtungi wenye tundu karibu na kitako ulioruhusu maji kutoka kwa takriban dakika 6. Msemaji mahakamani alinyamaza maji yalipokwisha. Cha pili ni bamba la jiwe lenye safu za nyufa nyembamba, mashine ya kuchagua wajumbe wa mahakama kwa bahati nasibu, ili asiwepo mtu wa kuhonga mapema. Cha tatu ni vigae vilivyoandikwa majina.

Hapa simama muda mrefu. Mara moja kwa mwaka raia waliweza kuamua kumfukuza mtu mmoja mjini kwa miaka 10, na kila mpiga kura alikwaruza jina la anayemtaka aondoke kwenye kigae cha mtungi uliovunjika. Kura zilihitaji kufika 6,000. Tafuta kigae kilichoandikwa ΘΕΜΙΣΘΟΚΛΕΣ ΝΕΟΚΛΕΟΣ, na kwa alfabeti uliyojifunza kisome mwenyewe: Themistokles wa Neokles, jina la mtu likifuatwa na la baba yake, kama sisi tunavyosema fulani bin fulani. Huyu ndiye aliyewaongoza Waathene kuzishinda meli za vita za Waajemi huko Salamis mwaka 480 KK, na miaka michache baadaye wananchi wenzake wakamfukuza. Tazama jinsi mistari ilivyokwaruzwa, mingine kwa nguvu, mingine ikiteleza. Katika kisima kimoja karibu na Acropolis vilipatikana vigae 190 vyenye jina hili, na wataalamu waliochunguza mwandiko walitambua mikono 14 tu. Maana yake kuna watu waliokaa wakaandaa kura nyingi za kugawia wengine. Mbinu za uchaguzi zina umri mrefu.

Ukitoka, fuata njia kuelekea pembe ya kusini magharibi, ambako wageni hupungua, na tafuta jiwe dogo lililosimama ardhini, lisilozidi kimo cha goti kwa sura yake. Ni jiwe la mpaka, liliwekwa karibu mwaka 500 KK na bado liko pale pale. Limeandikwa kwenye ukingo wake *horos eimi tes agoras*, yaani: mimi ni mpaka wa Agora. Jiwe lenyewe linasema kwa nafsi ya kwanza. Chuchumaa, bila kuligusa, na lisome herufi kwa herufi. Utachukua dakika kadhaa, na hiyo itakuwa sentensi yako ya kwanza ya Kigiriki cha kale uliyoisoma mahali ilipoandikwa na kwa kazi iliyoandikiwa. Karibu yake zilichimbuliwa misumari midogo ya viatu na vikuku vya mfupa vya kupitishia kamba, pamoja na kitako cha kikombe chenye jina la mwenyewe, Simon. Waandishi wa kale wanamtaja fundi viatu wa jina hilo ambaye mwanafalsafa Sokrate alikuwa akikaa dukani kwake kuzungumza, na wanaakiolojia wengi wanaamini kwamba hapo ndipo palipokuwa pake.

Malizia kwenye hekalu la Hephaistos, mungu wa wahunzi, lililo juu ya kilima kidogo cha magharibi. Ni miongoni mwa mahekalu ya Kigiriki yaliyohifadhika vizuri kuliko yote, hasa kwa sababu lilitumika kwa karne nyingi kama kanisa la Mtakatifu George, na jengo linalotumiwa hutunzwa. Hapa ndipo pa kujifunza kusoma hekalu, kabla ya kukutana na lile kubwa. Hesabu nguzo: 6 mbele, 13 ubavuni. Mtindo huu unaitwa wa Kidoriki. Nguzo haina kitako, inatoka moja kwa moja sakafuni, na juu ina kichwa chenye umbo la sahani nene kilichobeba kipande cha mraba. Wajenzi wa karne ya 5 KK walipendelea nguzo za ubavuni ziwe mara mbili ya za mbele na moja zaidi. Kesho utahesabu za Parthenon, lile hekalu kubwa la Acropolis, nawe utakuta 8 na 17.

Jioni, kama miguu bado inakubali, panda mwamba wa Areopago ulio kati ya Agora na Acropolis. Kuingia ni bure, na ngazi za chuma ni salama kuliko zile za kale zinazoteleza. Msomaji wa Biblia anapafahamu tangu utotoni, kwani Matendo ya Mitume sura ya 17 inasimulia jinsi Paulo alivyosimama katika Areopago akawaambia watu wa Athene kwamba ameona madhabahu yao iliyoandikwa KWA MUNGU ASIYEJULIKANA. Hotuba yake imeandikwa kwa Kigiriki katika bamba la shaba chini ya mwamba. Ukiwa juu, unaona upande mmoja mji wa watu uliotoka na upande mwingine lango la mji wa miungu, na unaelewa alikuwa akiongea mbele ya nini.

Siku ya tatu: Acropolis na makumbusho yake

Chukua tiketi ya saa mbili asubuhi, na uwe langoni robo saa kabla. Kuna malango mawili, moja la magharibi na jingine la kusini mashariki karibu na kituo cha Acropoli. La pili mara nyingi huwa na foleni fupi. Ukiingia kwa hilo utapita ukumbi wa michezo ya kuigiza wa Dionysos, mahali ambapo tamthilia za Sophokles na Euripides zilionyeshwa kwanza. Usisimame sasa, utaurudia wakati wa kushuka. Panda moja kwa moja, kwa sababu nusu saa ya kwanza kileleni ndiyo pekee yenye utulivu.

Ukishapita jengo la lango, Parthenon itakuwa kulia kwako, ikionekana kwa pembe, na hivyo ndivyo ilivyokusudiwa ionekane: pande mbili kwa pamoja. Ujenzi ulianza 447 KK na hekalu likawekwa wakfu 438 KK, na uchongaji wa sanamu ukaendelea hadi 432 KK. Wasanifu walikuwa Iktinos na Kallikrates, na Pheidias alisimamia sanamu. Miaka 15 kwa kazi kama hii, kwa marumaru iliyokokotwa kutoka mlima Pentelikon, inashangaza hadi leo.

Sasa fanya zoezi ambalo karibu hakuna mgeni anayelifanya. Nenda upande wa kaskazini, simama kwenye pembe, inama hadi macho yako yawe usawa wa ngazi ya juu ya hekalu, kisha tazama kwa urefu wake. Sakafu hiyo, yenye urefu wa karibu mita 70, haijanyooka. Katikati imeinuka kwa takriban sentimita 11, ikashuka taratibu kuelekea ncha zote mbili. Nguzo nazo zimeinamia ndani kidogo, na zimetuna katikati kwa kiasi ambacho jicho halikioni lakini hukihisi. Hii ina maana kwamba hapana jiwe lililoweza kuchongwa kwa kipimo kimoja na kurudiwa. Kila pande lilichongwa kwa ajili ya mahali pake, na ndiyo maana warekebishaji wa leo wanaweza kujua jiwe lililoanguka lilitoka wapi.

Tazama pia rangi. Marumaru ya kale imegeuka rangi ya asali, na viraka vyeupe ni vipya. Tarehe 26 Septemba 1687 jeshi la Venice lilipiga mzinga uliowasha baruti ambayo Waturuki walikuwa wameihifadhi ndani, na katikati ya hekalu ikalipuka. Mwanzoni mwa karne ya 20 mhandisi Nikolaos Balanos alisimamisha tena nguzo nyingi, lakini aliunganisha mawe kwa vyuma vitupu, wakati mafundi wa kale walikuwa wakivifunika vyuma kwa risasi. Vyuma vikashika kutu, vikavimba, vikapasua marumaru. Kazi iliyoanza 1975 imekuwa ya kuvitoa na kuweka titaniamu, ambayo haishiki kutu. Tafuta kiraka kimoja na ufuate kwa macho mstari unaokutanisha jiwe jipya na la zamani: jipya ndilo lililochongwa lifuate mpasuko wa la kale, kila jino kwa tundu lake.

Upande wa pili liko hekalu la Erechtheion, lenye kibaraza kilichobebwa na sanamu sita za wanawake. Hizo za nje ni nakala. Hesabu za ujenzi wa hekalu hili ziliandikwa kwenye mawe, na mabaki yake yanaonyesha raia, wageni na watumwa wakichonga bega kwa bega, kwa ujira ule ule wa drakma moja kwa siku. Drakma ndiyo iliyozaa neno letu dirhamu. Ujira wa mtumwa, hata hivyo, kwa kawaida uliishia kwa bwana wake.

Jua likishakuwa kali shuka, pitia ukumbi wa Dionysos uone viti vya mawe vya mbele vilivyochongwa majina ya makuhani, kisha vuka barabara uingie makumbusho ya Acropolis, yaliyofunguliwa 2009. Hapa wamo wale wanawake watano wa asili. Wa sita yuko London, na nafasi yake imeachwa wazi. Zunguka nyuma yao. Kwa mbele wamechakaa na mikono imekatika, lakini mgongoni nywele zao zimesukwa mikia minene ya kupendeza, kila mmoja kwa namna yake, na yeyote aliyekulia katika nyumba inayosuka ataitambua kazi ya vidole. Unene huo pia ulikuwa ufundi wa mjenzi, kwa kuwa shingo ndiyo sehemu dhaifu ya nguzo yenye umbo la mtu, na nywele ziliisaidia kubeba paa.

Ghorofa ya juu imeelekezwa sawasawa na Parthenon unayoiona kupitia vioo. Michongo ya rangi ya asali ni ya asili. Ile myeupe ya plasta ni nakala za ile iliyoondolewa kuanzia 1801 na watu wa Lord Elgin, balozi wa Uingereza kwa Waturuki, na kununuliwa na serikali ya Uingereza mwaka 1816. Tembea ghorofa nzima ukihesabu ni farasi wangapi ambao mwili wao uko Athens na kichwa chao kiko kwingine. Mimi sina shaka kwamba vinapaswa kukutana, na ninadhani macho yako yatakuambia hivyo hivyo.

Siku ya nne: makumbusho ya taifa na makaburi

Makumbusho ya taifa ya akiolojia ni makubwa mno kwa siku moja, kwa hiyo chagua vitu vitatu tu na uviendee. Napendekeza kinyago cha dhahabu ambacho Heinrich Schliemann alikichimbua Mycenae mwaka 1876 akaamini ni cha Agamemnon, mfalme anayesimuliwa kuwaongoza Wagiriki huko Troya, ingawa ni cha karne ya 16 KK, yaani kimeitangulia sana vita ya Troya. Sanamu ya shaba ya mungu anayerusha silaha, iliyotolewa baharini karibu na Artemision. Na chombo cha Antikythera, kilichopatikana katika meli iliyozama na kutolewa 1901, chenye magurudumu 30 ya meno ya shaba yaliyosalia, ambayo yalikokotoa mwendo wa jua na mwezi na kutabiri kupatwa kwake.

Alasiri nenda Kerameikos, mtaa wa wafinyanzi na makaburi. Ni kimya, kobe hutembea njiani, na mawe ya makaburi yanaonyesha watu wakiagana kwa kupeana mikono. Ukipata nafasi pita pia hekalu la Zeus, si kwa ajili ya nguzo zilizosimama, bali kwa ile moja iliyoangushwa na dhoruba mwaka 1852: imelala kama ndizi iliyokatwa vipande, na ndiyo njia rahisi zaidi ya kuona kwamba nguzo ya Kigiriki ni mapande ya mviringo yaliyopangwa.

Siku ya tano: Delphi

Basi la KTEL, shirika la mabasi ya mikoani, hutoka Athens asubuhi na huchukua takriban saa tatu. Ukifika, kabla ya yote, uliza saa ya basi la mwisho la kurudi na uiandike mkononi au daftarini. Anza na eneo la wazi wakati bado kuna ubaridi, kisha makumbusho. Watu walikuja hapa kutoka pande zote za ulimwengu wa Kigiriki kumuuliza mungu Apollo maswali kupitia kinywa cha kuhani wake mwanamke. Kijiji kizima kiitwacho Kastri kilikuwa kimejengwa juu ya magofu, nacho kilihamishwa ili Wafaransa waanze kuchimba 1892. Katika makumbusho yupo mwendesha gari la farasi wa shaba, wa takriban 475 KK; mwangalie macho, ambayo bado yana mboni zake na kope za shaba nyembamba.

Lakini usipande haraka kwenda hekaluni. Chini yake kuna ukuta mrefu wa mawe yenye pembe zisizolingana, yaliyoshikana kama vipande vya picha ya kuunganisha, bila chokaa. Sogea hadi kamba inaporuhusu na acha macho yazoee: uso wote wa ukuta umejaa maandishi madogo madogo, mamia ya kumbukumbu za kuachiliwa huru kwa watumwa, zilizochongwa kuanzia karibu mwaka 200 KK. Bwana alimwuza mtumwa wake kwa mungu Apollo kwa bei iliyotajwa, mara nyingi fedha aliyoitafuta mtumwa mwenyewe, na kwa kuwa mungu hatumii mtumwa, mtu huyo akawa huru. Ukuta ulikuwa hati yake, mahali ambapo hakuna wa kuichana. Baadhi walilazimika kubaki wakimtumikia bwana hadi afe. Fungua daftari kwenye ile orodha ya pili uliyoiandika Pnyx, tafuta kwa darubini mstari mmoja unaosomeka, na unakili majina herufi kwa herufi chini ya orodha hiyo.